Kayaki kwa mtu aliyezaliwa Dodoma: kupiga kafi, kujibinua na kuokoana (uzi mrefu kidogo)

Mgogo_Majini

Wakuu salaam.

Juzi kuna jamaa aliuliza humu kama mtu mzima asiye mtoto wa pwani anaweza kujifunza kayaki, akaishia kuchekwa. Nimeona nimjibu kwa urefu. Mimi ni wa Dodoma. Mto niliokulia nao ni korongo la mchanga linalojaa siku moja kwa mwaka, linaondoka na mbuzi wa watu, kesho yake tunacheza mpira humohumo. Kuogelea nimejifunza nina miaka 34 kwenye bwawa la hoteli, watoto wa darasa la pili wakinipita kushoto na kulia. Sasa nina 39. Naenda kisiwa cha Mbudya kutokea Kunduchi, Dar, kwa kayaki na kurudi, na nikipinduka mara nyingi nainuka humohumo ndani bila kutoka. Bingwa siyo. Ila nilipokosea nakumbuka, maana ni juzi tu.

Nitaandika kwa vipande, nipo kazini.

Kwanza chombo. Kuna kayaki ya kukalia juu, plastiki nzito yenye matundu ya kutolea maji, ndiyo mnayoiona ufukweni kwenye mahoteli. Ukianguka unapanda, maisha yanaendelea. Halafu kuna ya kuingia ndani: miguu inakaa mbele chini ya sitaha, magoti yamebana huku na huku, na kiunoni unavaa sketi ya mpira ambayo ukingo wake unafunika mdomo wa chombo ili maji yasiingie. Ndiyo, sketi. Ya baharini ina urefu wa karibu mita 5 na upana wa sentimita 55 hadi 60 hivi, kwa hiyo inakwenda lakini ina wasiwasi. Ya mtoni ina mita mbili na nusu, imejikunja mbele na nyuma kama ndizi, ukiitazama vibaya inageuka. Nazungumzia hizi za kuingia ndani.

Kafi lake lina bapa huku na huku. Siku ya kwanza nilipiga dakika arobaini mabega yakafa, nikaambiwa na mwalimu, "Wewe unasonga ugali." Ni kweli, nilikuwa nakunja viwiko na kukoroga. Alinisimamisha nchi kavu na shati la vifungo, akasema kila pigo kifungo cha kifuani kitazame upande mwingine. Kushoto, kulia. Mikono iwe karibu kunyooka, bapa lizame lote karibu na vidole vya miguu, litoke likifika nyonga. Ukilichelewesha likapita nyuma ya nyonga unabeba maji bure na chombo kinaanza kuzunguka. Na mguu wa upande unaopiga unasukuma. Ndipo nilipoelewa kwamba huvuti maji. Ni kama umechomeka mti kwenye tope, halafu unajivuta mpaka uupite.

Kugeuza ni pigo pana la nusu duara, kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), mbali na chombo. Ukiinua goti moja kayaki ikalala kidogo upande, inageuka kwa nusu ya nguvu. Hilo la goti likumbukeni, litarudi.

Naingia kikaoni.

Chapati_Mbili

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu hapo kwenye sketi umenimaliza, mke wangu akiona picha nitajieleza vipi?

MzeeWaShela

Kijana umeanza vyema, nami naweka neno moja kwa sababu wengi wanachanganya. Kafi ni la mkononi, halifungwi popote. Kasia hushikizwa ubavuni mwa chombo na mpigaji huketi akielekeza mgongo mbele. Kwa hiyo hicho chako ni kafi ingawa lina mabapa mawili.

Na huyo mwalimu wako amesema kweli. Sisi tulipokuwa wadogo kwenye mtumbwi, mtu akipiga kwa mikono tu wazee wakimwambia amekula nini leo. Mgongo ndio unaokwenda.

Mgogo_Majini

Shikamoo mzee, asante kwa hilo la kasia, nilikuwa nachanganya kabisa.

Nimerudi. Sasa jambo ambalo lilinichelewesha miezi mitatu na hakuna aliyenionya.

Kila mtu anataka kujifunza kwenda. Mimi nilikuwa nakwenda vizuri tu, bwawani na kwenye maji ya kina cha kiuno, lakini moyoni kulikuwa na swali moja: nikigeuka chini juu nikiwa nimefungwa na ile sketi, natokaje? Kwa sababu ya swali hilo nilikuwa nimekaza mwili mzima. Na mwili uliokaza ndio unaopindua kayaki, kwa sababu chombo kinacheza na wewe hutaki kucheza nacho. Miezi mitatu ya kukaza. Siku nilipofundishwa kutoka, nililegea, na wiki hiyohiyo nikaanza kupiga kafi kama mtu.

Kwa hiyo ningekuwa mwalimu, siku ya kwanza kabla ya kafi ningempindua mtu.

Ilikuwa hivi. Maji ya kifuani, mwalimu amesimama pembeni. Akaniambia jikunje mbele mpaka uso ukaribie sitaha, usijirushe nyuma, kwa sababu ukijirusha nyuma uso na kifua vinabaki wazi kwa mawe na mapaja yanajikaza ndani. Halafu pinduka. Ukiwa chini gonga ubavu wa chombo kwa viganja mara tatu, bila haraka. Nikauliza kwa nini nigonge, nani yuko mlangoni? Akasema kwanza ni kumwita mwenzio, pili ni kukuthibitishia kwamba una muda.

Nikapinduka. Nilichokutana nacho ni kimya. Kijani hafifu, mapovu yakipanda kuelekea miguuni kwangu, yaani "juu" ilikuwa kule kwenye magoti. Maji yakaingia puani yakachoma mpaka nyuma ya macho. Nikagonga mara moja tu, mbili nyingine nilimdhulumu. Nikapapasa ukingo wa mbele wa sketi, nikakuta ule utepe wa kuivulia, nikausukuma mbele kisha nikauvuta. Sketi ikaachia. Mikono kwenye nyonga, nikasukuma kama mtu anayevua suruali iliyobana, nikatoka kwa mbele kama unavyopiga sarakasi. Kwa makadirio yangu dakika nzima. Mwalimu aliyekuwa akihesabu akasema sekunde sita.

Tulirudia mara kumi siku hiyo. Ya kumi niligonga zote tatu.

Mambo mawili hapo. Utepe wa sketi lazima uwe nje, hakikisha kabla hujasukuma chombo majini. Ukiufunika ndani umejifungia mlango na ufunguo umeuacha sebuleni. Na ukiwa chini toa pumzi polepole puani, maji hayatapanda.

Dada_wa_Aberdeen

Hii ya kukaza mwili nimeicheka kwa uchungu. Mimi nilijifunzia huku Scotland, msimu wa baridi klabu zinakodi bwawa la ndani, mnajipindua pale jioni nzima kwenye maji ya uvuguvugu, unajiona umeshafika. Kisha mwezi wa nne unapelekwa baharini kwenye nyuzi 8. Uso ukigusa maji pumzi inakatika yenyewe, unahema kwa kukurupuka na huwezi kuizuia, hasa ile dakika ya kwanza. Yote niliyojifunza bwawani yalipotea, nikatoka bila hata kugonga. Nyie wa Dar mna bahati hamjui.

Chapati_Mbili

Nyuzi 8 ni soda hiyo dada, siyo bahari.

Mgogo_Majini

Haha. Sasa kujibinua. Waingereza wana neno lao, sisi tukisema "roli" watu watadhani nazungumzia gari la kokoto, kwa hiyo naita kujibinua: umepinduka, na unarudi juu ukiwa bado umekaa ndani.

Nilidhani ni nguvu za mikono. Kafi liko majini, ulikandamize, ujiinue. Nilijaribu hivyo wiki mbili, nikatoka na bega bovu. Kafi likikandamizwa linazama tu, na ukiling'ang'ania huku mkono umeinuka juu ya kichwa, bega linachomoka. Naomba hilo lisisahaulike: viwiko viwe chini na karibu na mwili, wakati wote.

Kinachoinua chombo ni kiuno. Na hapa jamani, watu wa mwambao mna urithi ambao hamuutumii. Ni kukata kiuno! Lile goti nililosema likumbukwe ndilo linalovuta chombo kirudi chini yako huku nyonga inapiga mara moja, pa! Aliyewahi kusimama kwenye ngoma ya unyago anaelewa kabla hujamaliza kueleza. Mimi Mgogo najua kuruka na kutikisa mabega, ilibidi nianze upya.

Mwalimu alinipa ndala. Nimepinduka nusu, ubavu ukiwa majini, mikono yote miwili juu ya ndala moja inayoelea. Akasema inua kayaki kwa kiuno, na ndala ikizama umetumia mikono. Ilizama mara nyingi. Siku ya tatu haikuzama, kayaki ikageuka chini yangu yenyewe, na nilishtuka kuliko nilivyofurahi.

Ikabaki kichwa. Kila kiumbe kikiwa chini ya maji kinataka kutoa kichwa kwanza. Kichwa kina kilo nne mpaka tano, ukikiinua mapema unachofanya ni kurudisha chombo chini. Kichwa lazima kiwe cha mwisho kutoka, sikio limelala begani upande wa kafi. Nilielezwa hilo mara hamsini na mara hamsini nikainua kichwa. Mwisho mwalimu akachukua sarafu ya shilingi mia mbili, akaniambia ibane kati ya sikio na bega, ikidondoka umeinua. Nilipoteza shilingi 1,400 siku hiyo, watoto wa hotelini wakapiga mbizi wakanunua aiskrimu.

Mpangilio wenyewe ukiunganisha: unajikunja mbele, kafi umelilaza sambamba na chombo, unasubiri mpaka mikono isikie hewa juu ya maji. Kusubiri huko ni nusu ya kazi. Kisha bapa la mbele linafagia nje kwa nusu duara juujuu ya maji, kiuno kinakata bapa likiwa mbali, kichwa kinafuata. Ukifanya vizuri huhisi nguvu yoyote. Ukihisi unapigana, umekosea.

Bi_Mkunga

Mimi si mtu wa maji ila hapo kwenye unyago umenigusa. Kwa hiyo sisi wanawake wa Tanga tunaweza kujifunza siku moja?

Mgogo_Majini

Bibi yangu, kwenye darasa letu wa kwanza kujibinua alikuwa dada mmoja wa Pangani. Mchana mmoja. Mimi wiki tano. Wenye vifua na mikono ya mazoezi ndio waliochelewa kuliko wote, kwa sababu nguvu inawadanganya.

Mto_Tana

Salamu kutoka Sagana, Kenya. Nyinyi watu wa bahari mnaongea poa lakini ngojeni mto. Kwa bwawa kila mtu anajibinua. Kwa mto maji yanakuvuta huku na kule, kafi halipati mahali, na unajua kuna jiwe linakuja.

Niongeze mambo ya mto kwa sababu nimeona watu wakikosea vibaya. Ukitoka kwa kayaki kwa maji ya kasi, lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakoenda, vidole vionekane juu ya maji. USISIMAME. Watu hufikiria maji ya magoti ni kidogo, anasimama, mguu unaingia katikati ya mawe, mto unamsukuma kifudifudi na mguu umebaki. Huyo hatoki bila msaada. Subiri ufike maji yaliyotulia kabisa ndipo uinuke.

Na mti ulioanguka mtoni uogopeni kuliko jiwe. Jiwe maji hulizunguka, na wewe unazunguka nayo. Mti maji hupita katikati ya matawi na wewe unabaki kama majani ya chai kwa kichujio.

Mgogo umewahi mto kweli?

Mgogo_Majini

Nimewahi, mkuu. Siku tano Jinja, Uganda, mto Nile. Niliogelea mara nne siku ya kwanza, na kwa lugha ya huko "kuogelea" maana yake umeshindwa kujibinua ukatoka kwenye chombo. Hakuna anayekucheka. Wanakucheka ukijifanya hukuogelea.

Yule kijana aliyenifundisha amekulia ukingoni pale, alinionyesha maji yaliyotulia kama ziwa akasema chini yake ndipo yalipokuwa maporomoko ya Bujagali, yakafunikwa bwawa la umeme lilipokamilika 2012. Halafu bwawa la Isimba likafika 2019 likameza mengine chini zaidi. Alisema kama mtu anayekuonyesha kiwanja cha nyumba ya babu yake.

Kitu kikubwa nilichojifunza pale ni maji ya nyuma ya jiwe. Mto unakwenda kasi, lakini nyuma ya kila jiwe kubwa kuna kipande cha maji yanayorudi juu, taratibu, unaweza kuegesha humo ukapumzika. Kati ya maji yanayoshuka na yanayorudi kuna mstari, unauona kwa macho, una povu na vizunguko vidogo. Kuuvuka ndipo wageni wote wanapopinduka. Unaingia nao kwa pembe, una kasi, na unakilaza chombo upande unaogeukia, kama mwenda pikipiki kwenye kona. Ukikaa wima, yale maji mapya yanakamata ubavu na kukutoa. Mara zangu nne zote zilikuwa hapo.

Siku ya nne nilipinduka katikati ya mawimbi. Jaribio la kwanza nikainua kichwa, nikarudi chini. La pili sijui nilifanya nini. La tatu nikakumbuka ile sarafu. Nikajikuta juu, nimegeuka nyuma mbele, naona ninakotoka. Yule kijana akapiga kafi lake majini kushangilia. Sijawahi kupigiwa makofi matamu kama hayo.

Kwa wanaokwenda: Nile na Victoria vina kichocho. Nendeni mkameze praziquantel, lakini si siku mnayotoka majini. Inaua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo subiri wiki sita au zaidi, daktari atakupa kipimo.

Dada_wa_Aberdeen

Naomba niseme kitu kuhusu kujibinua kabla watu hawajalifanya dini.

Neno kayaki lenyewe ni qajaq, la Wainuit, wenyeji wa Aktiki. Wawindaji wa Greenland walifunika fremu ya mbao zilizoletwa na bahari kwa ngozi za sili (mnyama wa bahari za baridi), na koti lao lilifungwa kwenye mdomo wa chombo moja kwa moja. Kutoka ndani kwenye maji yale ni kifo, kwa hiyo walijibinua kwa kila namna: mkono umenasa kwenye kamba, bila kafi, mikono imekunjwa kifuani. Mpaka leo mashindano yao ya taifa yana orodha ya mibinuko zaidi ya 30, mmojawapo umeshika jiwe mkononi.

Sasa kuna Mwingereza, Gino Watkins, aliongoza msafara huko 1930 hadi 1931, akajifunza kujibinua kwa wenyeji mpaka akawa hodari. Agosti 1932 alirudi mashariki ya Greenland, akatoka peke yake kwa kayaki kuwinda sili. Wenzake walikuta kayaki inaelea imepinduka. Mwili haukupatikana. Alikuwa na miaka 25.

Huyo alikuwa anajua kuliko sisi wote humu.

Mgogo_Majini

Dada umenipeleka palepale nilipotaka kwenda. Mimi baada ya Jinja nilirudi Dar na kichwa kikubwa.

Mwezi wa saba, tumetoka Mbudya wawili saa tano mchana. Hapo tayari tumekosea, mwezi wa saba kusi, upepo wa kusini, linaamka na jua, saa tano limeshakuwa jeuri. Katikati ya mlango wa bahari mwenzangu akapinduka. Yeye kujibinua hajui, akatoka vizuri tu, akaibuka, na jambo la kwanza alilofanya ni kuachia kayaki ili aniogelee mimi. Ndani ya muda ninaoandika sentensi hii kayaki tupu ilikuwa imeenda. Upepo unaisukuma haraka kuliko mtu anavyoogelea, na yeye na jaketi okozi lake anaonekana kichwa tu, wimbi likipita haonekani. Ikabidi nichague, mtu au chombo. Nikamchagua mtu, akashika nyuma ya kayaki yangu, na nilipiga kafi nusu saa nikimburuta bila kusogea popote pa maana, mpaka ngalawa ya wavuvi ikatuona. Walituchukua sote wawili, na kayaki wakaenda kuifuata. Hawakusema kitu. Mmoja tu aliuliza, "Nani aliwaambia mtoke saa hizi?"

Mbinuko wangu haukumsaidia mtu yeyote siku hiyo.

Tangu hapo tunafanya mazoezi ya kuokoana kila tunapotoka, kabla ya safari. Aliyeanguka anashika chombo chake, haachii hata aitwe na mama yake. Mwokoaji anakuja mpaka kwenye omo ya kayaki iliyopinduka, vyombo vikae kama herufi T. Anainua ile omo na kuivuta juu ya sitaha yake ikiwa bado chini juu, maji yanamwagika yenyewe. Anaigeuza, anairudisha majini, vyombo vinalala ubavu kwa ubavu, omo ya mmoja kwa tezi ya mwingine. Kisha anaikumbatia, namaanisha kuikumbatia, kifua juu yake na mikono miwili. Mwenzake anapanda kutokea nyuma kwa tumbo, miguu inatangulia kuingia, anajigeuza taratibu akae. Tukiwa tumezoea hatufiki dakika mbili. Mara ya kwanza tulitumia kumi na mbili na sote tukaanguka.

MzeeWaShela

Hao wavuvi walikuwa na adabu. Mimi ningekutukana.

Kwenye mtumbwi sisi hatumwagi hivyo. Ukijaa maji, mtu anabaki majini, anashika tezi, anausukuma na kuuvuta mbele na nyuma, maji yanaruka yenyewe mpaka upungue, kisha unapanda na kukumba yaliyobaki kwa upo, kile chombo cha kutolea maji. Wa watu wawili mmoja hukaa huku na mwingine kule kuuweka sawa. Lakini hilo la kutoachia chombo ni lilelile.

Kusi umeshalijua. Basi ujue na umande, upepo wa bara unaovuma alfajiri kwenda nje. Mgeni hutoka nao, bahari imelala, chombo kinateleza, anajiona nahodha. Hajui kwamba anasukumwa. Ukitaka kupima, geuka nyuma ukiwa bado karibu upige kafi kurudi mapigo hamsini. Ikiwa nzito, huko nje itakuwa nzito mara mbili.

Mgogo_Majini

Mzee hilo la mapigo hamsini nalichukua.

Chapati_Mbili

Haya mimi nimesoma mpaka mwisho, nimeshawishika. Naogelea kidogo, kayaki sijawahi hata kuigusa. Jumamosi mnatoka?

Mgogo_Majini

Tunatoka, ila wewe hutoki kwenda Mbudya, unapinduliwa kwenye maji ya kifuani. Jumamosi ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yatakupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na ukichelewa utabeba kayaki kichwani kupita tope lote lile. Saa kumi na mbili na nusu uwe umefika. Njoo na kofia, shati la mikono mirefu na maji lita mbili. Jaketi okozi ninalo la ziada.

Sketi nitakuazima. Mke wako mwambie ni yangu.